Kipande Kutoka Jicho Zima

Nimestaafu, lakini mikono yangu haijapata habari. Kila asubuhi baada ya chai inataka kunawa hadi kwenye viwiko. Mume wangu ananikuta nasugua kucha kwenye karai, anauliza, "Mama, leo unampasua nani?" Namjibu asubiri zamu yake. Sasa nyie mnaoshika kitengo cha macho hapa Ifakara mmeniandama niwaandikie ya zamani, na nimekubali kwa sharti moja: habari za nani alipanda cheo na nani alibaki mkaziulize ofisini. Mimi nitaandika kazi.

Nilihamishiwa macho mwanzoni mwa miaka ya tisini nikitoka wodi ya wazazi, na nilihama nimenuna. Kwenye uzazi kuna kelele, kuna vigelegele, mtu anaingia mmoja anatoka wawili. Kwenye macho nilikuta benchi refu la watu wamekaa kimya, nusu yao wamejifunika kitambaa usoni, na chumba chenye pazia jeusi ambacho mchana kweupe unaingia ukipapasa. Nikajisemea, jamani, nimekosa nini mimi?

Aliyenipokea alikuwa Sista Hedwiga, mtawa, mzaliwa wa Mahenge, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kuomba airudie. Siku ya kwanza hakunionyesha jicho hata moja. Alinikalisha kwenye stuli, akanipa rundo la pamba na njiti, nikasokota vijiti vya pamba mpaka saa ya chakula. Kila kijiti chenye unyuzi unaoning'inia alikitupa bila kusema neno. Baadaye nikafundishwa kuchemsha vyombo. Kila mkasi ncha yake ilivikwa kipande cha mpira wa dripu, maana mkasi wa macho ukigonga sinia mara moja tu, basi, hautakata tena, utatafuna. Hilo ni kweli mpaka leo, na nimeona mnavyovirusha vyombo kwenye sinia kama vijiko vya mgahawani. Mungu anawaona.

Jambo alilolirudia kuliko yote lilikuwa la kuosha. Mlangoni pale palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia chupa ya maji ya chumvi na mpira wake, tayari wakati wote. "Mtu akija na sumu au tindikali au chokaa jichoni," alikuwa akisema, "usimuulize jina. Jina lake atakuwa nalo hata jioni. Osha." Akimkuta mgonjwa wa namna hiyo amekaa benchi anasubiri kuandikwa, siku hiyo hapakukalika.

Ndivyo tulivyompokea Kaspari, bila jina. Lori la mbao lilimshusha getini, kichwa kimefungwa khanga, anaongozwa na mkewe, Leokadia, binti mwembamba aliyekuwa akitetemeka kuliko yeye. Nilipomfungua, harufu ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya mafuta ya ufuta. Jicho la kulia lilikuwa limevimba na kujifumba, kope zimegandana kwa kitu cheupe. Nikashusha chupa, nikaosha. Ilipokwisha nikatundika nyingine. Alikuwa akinishika kifundo cha mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi, nami naosha tu. Hapo ndipo nilipouliza.

"Ni chokaa," akasema Leokadia. "Alikuwa anailoweka kwenye pipa, kijijini kwetu Kisawasawa, ikaruka."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana! Na hamkumwosha? Kisawasawa hamna maji? Mito inashuka kutoka mlimani mpaka uani kwenu!"

Kaspari akajibu mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. "Maji yalikuwepo, nesi. Lakini mimi ni fundi wa chokaa. Chokaa ikikutana na maji inachemka. Ingenipikia jicho."

Kwa ambaye hajawahi kuona: mawe ya chokaa yakishamwagiwa maji pipani yanachemka yenyewe bila moto, yanafoka, mvuke unapanda mpaka paa halionekani. Mafundi wa kupaka nyumba wanaliona hilo kila wiki. Kwa hiyo ilipomrukia Kaspari, naye akawa anataka kukimbilia ndoo, wenzake wawili walimshika mikono asiyafikie maji. Walimshika kwa upendo kabisa. Wakapangusa na kitambaa kikavu, wakamtilia mafuta ya ufuta kwa sababu mafuta hayachemshi chokaa, wakamlaza kivulini. Chokaa ikakaa mle jichoni inakula, mchana kutwa na usiku kucha.

Nilimfokea. Sikuona haya kumfokea, na leo ningefokea tena. Lakini Sista Hedwiga alinitoa pembeni, akaniambia mafundi wale si wajinga, wanachokijua wanakijua vizuri, ila wamekipeleka mahali ambapo si pake. Kisha akaligeuza kope la juu kwa kijiti, likapinduka nje, na kule ndani kwenye mkunjo tukakuta mabonge ya chokaa yamejificha. Tuliyatoa moja moja. Shikeni hilo: kuosha bila kupindua kope la juu ni kumwaga maji bure.

Halafu akanishika kidevu akakisogeza kwenye lenzi ya kukuzia. "Usitazame katikati. Tazama ukingo." Akimaanisha pale weusi wa jicho unapokutana na weupe wake. Nilitegemea pawe pekundu. Palikuwa peupe kama kigae, hakuna mshipa hata mmoja, mzunguko mzima.

"Pekundu ni jicho linapigana," akasema. "Hili limenyamaza."

Kwa nini lilinyamaza, sikuelewa mpaka baadaye. Nilichokiona ni kwamba kidonda cha Kaspari hakikufunga. Kioo cha jicho, ule utando angavu ulio juu ya weusi, kikichubuka kwa kawaida kinajifunika chenyewe kwa siku chache, unashangaa. Chake kilijaribu, kikachubuka tena, kikajaribu, kikachubuka tena. Mishipa ya damu ikaanza kutambaa kutoka kwenye weupe ikiingia juu ya weusi, jicho likawa na ukungu mzito, halioni isipokuwa mwanga na kiza. Na maumivu, we acha tu. Mwanga ulimchoma, upepo ulimchoma, moshi wa jikoni ulimkimbiza nyumbani. Leokadia aliziba madirisha kwa magunia. Jicho zima nalo likawa linatoa machozi kwa kumsindikiza mwenzake, hivyo hata lile alilobaki nalo hakulitumia vizuri. Fundi aliyepaka nyeupe nyumba kuanzia Kisawasawa hadi kwetu Lumemo akawa anashinda gizani.

Miezi hiyo Sista Hedwiga alinituma kwenda kuzungumza na mafundi. Nilikuta kundi lao kwenye jengo moja pale mjini, wakanisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akasema, "Nesi, sisi tunaijua chokaa. Maji yataichemsha." Nikamwambia achukue kibonge akimwagie kikombe kimoja. Kikachemka, akanitazama kwa ushindi. Nikamwambia achukue kingine akitumbukize mtoni. Wakakisindikiza wote hadi mto Lumemo, wakakitia kwenye mkondo, wakakigusa. Hakuna moto. "Maji machache yanachemka, mengi yanapoza," nikasema. "Pangusa punje haraka, halafu mwaga maji, usiache." Kuanzia hapo waliorukiwa na chokaa jichoni walikuwa wanakuja wamelowa chapachapa mpaka viatu, nami nilifurahi kuwapigia deki.

Daktari bingwa wa macho hatukuwa naye wa kwetu. Tulikuwa na Daktari Mushi, aliyekuja kwa treni mara chache kwa mwaka, anapasua mtoto wa jicho wiki nzima, anarudi kwao kaskazini. Mtu mwembamba, asiyejua kunong'ona wala kudanganya, na chai yake ilikuwa sukari yenye maji. Alipomwona Kaspari mara ya kwanza alisema yapo mawili: kuzishona kope zifungwe, au kuling'oa jicho kabla halijatoboka. Kaspari akaomba muda. Safari iliyofuata Daktari Mushi akaja na la tatu. Alikuwa amekwenda kusoma nje, ameona likifanywa, amelifanya na yeye.

Alitueleza tukiwa tunakunywa chai. Ngozi ya juu ya kioo cha jicho, alisema, inachakaa na kuota upya maisha yote. Lakini inayoiotesha haikai katikati. Inakaa kwenye ule ukingo tu, ni chembe changa, hizi mnazoziita leo seli shina. Chokaa ilikuwa imeziua zote kwenye jicho la kulia. Ndiyo maana kidonda hakifungi: hakuna kinachoota, na mishipa inaingia kama magugu shambani. Dawa yake ni kuchukua vipande viwili vyembamba vya ukingo kwenye jicho la kushoto, lile zima, kuja kuvipandikiza kwenye lililoungua.

"Nyie watu wa mpunga mnanitolea macho ya nini?" akasema. "Si ni kitalu? Unang'oa mche hapa, unapanda pale!"

Wengi wetu Kilombero tunamwaga mbegu kwa mkono, tena yeye alikulia kwenye migomba. Lakini tulimwelewa.

Kaspari alisikiliza yote akiwa amejifunika khanga ya mkewe. Akasema, "Jicho hili zima ndilo nililobaki nalo. Siwezi kulitoa bila mama kusema." Leokadia akatuma salamu kwa mtu wa treni, na salamu zikafika Masagati, ambako hata sasa kufika ni kazi. Mama yake Kaspari akatembea hadi Mlimba, akapanda treni. Alifika kwetu viatu viko mkononi, kwa kuvihurumia matope. Jina lake Bibi Teodora, na kimo chake kilikuwa kinanifika hapa begani.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka jicho la mwanangu?"

Tukampeleka kwa Daktari Mushi. Akaeleza tena, kitalu na miche. Bibi Teodora akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kitalu ukikichomoa hovyo, kinabaki uwanja. Utachomoa kiasi gani?"

"Kidogo sana, mama. Chembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Juu kimoja, chini kimoja, pembeni kote nabakiza."

"Na likiharibika hilo zima?"

"Hatari ipo. Ni ndogo, lakini ipo. Siwezi kukwambia haipo."

"Umeshawafanya wangapi?"

"Wachache. Hapa Ifakara, huyu atakuwa wa kwanza."

Ebo! Nilitamani nimkanyage mguu chini ya meza. Huo si wakati wa kusema kila kitu, nilifikiri. Leo najua ndio wakati wenyewe, lakini siku ile nilimwona anabomoa nyumba.

Bibi Teodora akavuta kope lake la chini kwa kidole, akamwinamia daktari juu ya meza. "Basi kata hapa. Hata yote mawili. Mimi nimeshaona vya kunitosha, yeye ndio kwanza ameoa."

Daktari Mushi akashindwa kukaa, akasimama. Akamweleza kwamba mwili unajua kilicho chake. Kipande cha mtu mwingine unakitupa nje, labda mgonjwa anywe dawa kali za kuutuliza mwili, na dawa hizo hatuna, na tungekuwa nazo zingemwachia kila homa iingie bila kupingwa.

"Mtu mwingine?" Bibi Teodora akasema. "Mwili ule umetoka humu tumboni. Utanikataaje?"

Daktari Mushi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nililia, tena sikujificha; nimezalisha miaka mingi, na neno lile lilinipata pale pale ninapokaa.

Ni Kaspari aliyemaliza. Alikuwa kizingitini, ameshika fremu ya mlango. "Mama," akasema, "nimechoka kuumwa."

Bibi Teodora akamgeukia. "Unataka wakukate?"

"Nataka, mama. Lakini ukikataa, sikatwi."

Mama akaomba maji. Nikampa bilauri. Akayatia kinywani, akampulizia mwanawe kifuani kama tunavyobariki huku kwetu, akasema, "Nenda." Kisha akaniambia mimi, si daktari, "Nimekukabidhi."

Upasuaji ulikuwa asubuhi. Jenereta lilikuwa na tabia ya kukohoa, kwa hiyo fundi wake alisimamishwa kando yake asitoke. Sista Hedwiga alishika taa na matone, mimi nikashika vyombo. Daktari Mushi alianza na jicho bovu: akakwangua ule utando wa mishipa polepole mpaka chini yake kikatokea kioo chenye ukungu, si kizuri, lakini kilikuwepo. Kisha akahamia kwenye jicho zima. Niliona mkono wake unatulia, ukawa kama si wake. Akatoa kipande cha juu, akanipa.

Jueni kwamba kipande hicho kina mbele na nyuma. Upande uliokuwa weusini lazima ukalale weusini, na kisikauke, na kisijikunje. Ukikigeuza, umepanda mche kichwa chini. Nilikibeba juu ya kijiko kidogo chenye tone la maji ya chumvi, kutoka jicho moja hadi jingine, umbali wa pua tu, na sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Nilikuwa nasema moyoni nimekabidhiwa, nimekabidhiwa. Kikalala. Akakishona kwa uzi ambao kwa macho matupu hauonekani. Tukarudi kwa cha pili.

Tulimfunga bandeji macho yote mawili. Mama yake akakaa miguuni pake akamshika kifundo, kama anaogopa atapeperuka, na hakukiachia mpaka kesho yake tulipokuja kufungua.

Sista Hedwiga akanyoosha mkono kwenye bandeji ya jicho lililopandikizwa.

"Anza na zima," akasema Bibi Teodora.

Tukaanza na zima. Lilikuwa jekundu, limejaa machozi, linapepesa.

"Unaona nini?" nikamuuliza.

Kaspari akapepesa tena. "Namwona mama. Hajalala."

Bibi Teodora akakiachia kifundo chake, akatoka nje, tukamsikia anapiga vigelegele peke yake uani. Nikakumbuka wodi ya wazazi.

Jicho la pili lilihitaji subira. Daktari Mushi alishaondoka na treni yake, tukabaki sisi. Kila asubuhi niligusisha kikaratasi cha rangi, nikamulika kwa mwanga wa bluu, na pale pasipofunikwa na ngozi pakawaka kijani. Siku za kwanza kijani kilijaa weusi wote. Kikaanza kurudi nyuma kutoka juu, kisha kutoka chini. Kuna siku kadhaa kilisimama kabisa, nami nikakosa hamu ya kula. Bibi Teodora alikuwa hajui kusoma, lakini kijani alikijua kuliko wanafunzi tulioletewa mwaka ule. Kila nikitoka chumba cha giza ananizuia njiani.

"Kimebaki?"

"Kimebaki, mama."

"Kama nini?"

"Kama punje ya hindi."

Kisha ikawa kama punje ya mchele. Kisha asubuhi moja nikamulika, nikadhani kikaratasi kimeisha rangi, nikachukua kingine. Hakuna kijani. Nikamwita Sista Hedwiga. Akatazama, akafanya ishara ya msalaba, akaniambia nimwite mama wa mgonjwa.

Bibi Teodora hakuridhika na habari. Alisema kijani ni cha kwetu, yeye anataka cha kwake. Akatutoa wote kwenye veranda, penye mwanga, na Kaspari akatoka bila kujifunika, jambo ambalo peke yake lilinisimamisha. Mama akaziba jicho zima la mwanawe kwa kiganja cha Leokadia, akamwonya asiachie upenyo. Akanikokota mimi, akamkokota na mama mmoja aliyekuja kutibiwa, akatupanga ukutani mbali kidogo, yeye akasimama nasi. Akaweka kidole mdomoni.

"Kaspari," akasema Leokadia kwa niaba yake, "wamesimama watu. Mama ni yupi? Hawatasema kitu."

Akatutazama kwa jicho lile. Bado lilikuwa na ukungu, kila mtu angeuona. Akatazama kwangu, akapita; nguo nyeupe haina ujanja. Akatazama kwa yule mama mwingine, akakaa hapo. Akakaa sana. Nilihisi mkono wa Bibi Teodora umenishika vazi kwa nyuma, unalivuta, lakini mdomo wake hakuufungua.

Kaspari akaanza kutembea, Leokadia ubavuni pake na kiganja palepale. Alinipita. Akampita na yule mama. Akasimama mbele ya mama yake, akanyoosha mkono akamgusa kichwani.

"Ni huyu mfupi," akasema.

"Mfupi!" akapaza sauti Bibi Teodora. "Nimetoka Masagati kwa miguu, ndicho ulichokiona hicho?" Akawa anampiga kifuani kwa ngumi zake ndogo, anacheka, machozi yanamwagika, na Kaspari amesimama anapigwa, jicho liko wazi kwenye jua.